Raha ya Mgeni, Doria ya Mwanakijiji: Uchumi wa Buluu ni wa Nani?

Makamanda, tuongee ukweli. Kila jukwaa la serikali sasa hivi ni Uchumi wa Buluu, Uchumi wa Buluu. Sawa. Mimi mtoto wa mvuvi wa Kanda ya Ziwa nauliza swali moja tu: hiyo buluu ni ya nani?

Chukua Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria. Mtalii anakwenda pale na fimbo yake, anavua sangara kwa burudani, anapiga picha, anamrudisha majini. Sina ugomvi naye. Analipa, anatangaza nchi, na samaki anabaki hai. Waje wengi zaidi!

Ugomvi wangu uko hapa: sangara hajui mpaka wa hifadhi. Leo yuko Rubondo, kesho yuko mbele ya mwalo wetu. Na huku nje ya hifadhi anayemlinda ni nani? Ni BMU. Hawa ni wanakijiji wenzetu, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inawatambua. Wanaandikisha wavuvi na mitumbwi, wanatoa taarifa za samaki wanaovuliwa, wanafukuzana usiku na watu wa kokoro na timba, wanakamata sangara wa chini ya sentimita 50. Mshahara? Hakuna. Mafuta ya boti? Jichangisheni. Ukipigwa kasia kichwani saa nane za usiku, pole yako.

Operesheni zikija, tunakumbukwa haraka sana. Mwaka 2018 kwenye Operesheni Sangara nyavu ziliteketezwa na kina mama wa mialoni walilia. Lawama tunagawiwa bila kuomba. Ila zikija ada za uvuvi wa kitalii, eti hapo BMU ni watu wa kujitolea. Hapo sasa!

Wataniambia kuna ujirani mwema, wanajenga madarasa. Darasa ni jema, tunashukuru. Lakini hisani si haki. Hisani anaamua mtoaji, haki inaandikwa.

Na msituambie haiwezekani. Nchi kavu, vijiji vilivyomo kwenye WMA vina mgao wa mapato ya uwindaji wa kitalii, upo kwenye kanuni. Mafia, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, sehemu ya viingilio hurudi vijijini. Kumbe anayelinda tembo anastahili mgao, anayelinda sangara anastahili makofi?

Wengine watasema BMU nazo zimeoza, viongozi wake wanakula rushwa za makokoro. Wapo, tena tunawajua. Lakini jamani, unamweka mtu alinde mali usiku kucha na njaa yake, halafu unashangaa anapouza funguo? Dawa ni kumlipa na kumkagua, kuliko kumtukana tu.

Kwa hiyo vijana tunadai mambo matatu. Kwanza, sehemu ya ada ya kila leseni ya uvuvi wa burudani iende kwa BMU za eneo husika, kwa kanuni iliyoandikwa, isiwe kwa huruma ya mkubwa. Pili, kazi za kuwaongoza watalii na kuendesha boti zao zianze na vijana wa mialo hiyo, wafundishwe na wapewe vyeti. Tatu, hesabu za BMU zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, senti kwa senti.

Kamanda, mkutano wa kijiji ukiitishwa, usikae nyuma kuchati. Simama, omba kipaza sauti, muulize mwenyekiti: mwaka huu ziwa letu limeingiza shilingi ngapi za watalii, na zetu ziko wapi? Akikwepa, mkutano ujao uliza tena. Wakizoea kutuona kimya, watadhani tumeshiba.