MAONI YETU: NDEGE IMEIONA BARABARA, JEMBE LIKO WAPI?

Ndugu wanakijiji,

Wiki iliyopita ndege nyuki, yaani ile ndogo isiyo na rubani, ilipita juu ya barabara yetu ya mtoni. Watoto waliikimbilia, wazee wengine wakafunga milango. Ikasemwa eti inapima mashamba ili yachukuliwe. Siyo kweli. Ilikuja kupiga picha za barabara.

Tueleze. Ndege hiyo hupiga picha nyingi zinazopandana, halafu kompyuta inaziunganisha ziwe ramani moja. Mhandisi anaona shimo, korongo na mahali udongo ulipokatika. Zanzibar walianza kupima visiwa vyao kwa ndege za namna hii mwaka 2016. Barabara zinazosimamiwa na TARURA ni zaidi ya kilomita 144,000. Nani atazitembea zote kwa miguu? Kwa hiyo chombo hiki ni msaada, tusikirushie mawe.

Lakini jamani, tusidanganyane. Jicho la juu halishiki jembe. Picha zimepigwa kiangazi, mto umekauka na gari linapita. Ndege haikuona masika, mahindi ya ushirika yalipolala ghalani wiki tatu na walanguzi wakatupangia bei. Haikuona mama mjamzito akivushwa kwa machela. Wala haiingii ndani ya kalavati kuona kama limeziba. Hayo tunayajua sisi, na sisi ndio wa kuyasema.

Tena picha haina aibu. Itaonyesha waliolima mpaka ndani ya mtaro. Shamba la mmoja wetu wa ofisi hii limo. Ameshaambiwa, na Jumamosi ataanza yeye kufukua.

Basi tunasema hivi:

1. Kila balozi alete orodha ya mahali maji yanapokata barabara.

2. Uongozi wa kijiji uombe nakala ya picha hizo, zibandikwe hapa ukutani kila mtu azione.

3. Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane wote kwenye kalavati la kwanza, na majembe, tuzibue mitaro kabla ya mvua.

Greda tutalidai, na picha itakuwa shahidi wetu. Lakini anayedai greda huku mahindi yake yameziba mtaro, atasikilizwa na nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Katibu