Kijiko cha Chai si Kipimo cha Dawa

Msomaji, mwenye duka akikupunja kibaba kimoja katika pishi, utapiga kelele hata majirani wakusanyike. Wazee wetu walijua kuwa pishi ni vibaba vinne, na aliyepunguza aliitwa mwizi. Basi ni ajabu ilioje kwamba sisi tulio wakali hivi katika kupima nafaka tu walegevu katika kupima dawa! Mtoto akipatwa na homa usiku, chupa ya parasetamoli hufunguliwa, na kijiko chochote kilichopatikana jikoni hufanywa kipimo.

Desturi hii ni mbaya, na yapasa iachwe. Katika tiba, kijiko cha chai huhesabiwa kuwa mililita 5, na kijiko cha mezani mililita 15. Lakini waliotengeneza vijiko vya nyumbani hawakufikiria tiba. Kimoja ni kipana, kingine ni chembamba. Na atwaaye cha mezani badala ya cha chai humzidishia mtoto dawa mara tatu.

Hatari ya pili imo katika maandishi ya chupa. Dawa hiyo hiyo huuzwa kwa nguvu mbalimbali: katika chupa moja mililita 5 zina miligramu 120, katika nyingine miligramu 250. Tufanye hesabu. Kipimo cha juu kwa mara moja ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 12 hazidishiwi miligramu 180. Katika chupa ya kwanza kila mililita ina miligramu 24. Ukigawanya utapata mililita 7.5. Katika ya pili kila mililita ina miligramu 50. Utapata mililita 3.6 tu. Basi aliyezoea kumimina 7.5, akanunua chupa ya pili bila kusoma, amempa mtoto miligramu 375, zaidi ya maradufu. Haba na haba hujaza kibaba. Makosa hayo yakirudiwa, ini la mtoto laweza kuharibika, na dalili zake huweza kukawia hata siku nzima au zaidi.

Wako watakaosema, "Mama zetu walitulea kwa vijiko hivyo hivyo, wala hatukufa." Hoja hiyo ni dhaifu. Waliopona ndio wasemao. Waliodhurika hawakuitwa kutoa ushahidi. Wengine watasema kwamba hesabu hizi ni za wataalamu. La hasha! Ni kuzidisha na kugawanya, mambo uliyofundishwa katika shule ya msingi. Elimu isiyovuka kizingiti cha darasa ina faida gani?

Basi usiku wa homa, wewe uliyesoma usikae kimya. Soma maandishi ya chupa. Ujue uzito wa mtoto. Tumia kikombe au bomba la kupimia lenye alama za mililita. Dawa isirudiwe kabla ya kupita muda wa masaa manne, wala isizidi mara nne kwa siku. Hesabu yako ikipingana na maandishi, muulize mfamasia. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu apelekwe kwa daktari kwanza. Kijiko kirudi kwenye chai, huko ndiko kwao.