Timu ijayo ya vikapu iletwe Thika na Ruiru

Kwa Mwenyekiti na Kamati Kuu,
Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF),
Nairobi.

Nakala: Gavana wa Kaunti ya Kiambu.

KUH: MAKAO YA TIMU IJAYO YA KULIPWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kiandutu, hapa Thika, kuhusu jambo ambalo huenda bado haliko kwenye ajenda yenu lakini litafika. Siku mtakapoketi kuamua ni mji upi wa Kenya unaostahili timu mpya ya kulipwa ya vikapu, naomba msianze na orodha ya majiji. Anzeni na Thika na Ruiru, mtuhesabu kama makao ya timu moja.

Siku hiyo naiona inakuja kwa sababu ya yaliyotokea Nairobi. Mwaka 2023 kampuni ya Twende Sports iliinunua Nairobi City Thunder, ikawafanya wachezaji waajiriwa wa kucheza vikapu, si watu wa kukimbilia mazoezini baada ya kutoka kazini. Haikupita muda timu ikawa bingwa wa Kenya, na mwaka 2025 ikawa ya kwanza kutoka nchi hii kucheza ligi ya bara, BAL. Wenye fedha wameona. Atakayefuata atabisha hodi ofisini kwenu, na mkimwachia achague mahali mwenyewe atachagua Nairobi tena, kwa kuwa ndiko anakoishi.

Ligi kuu mnayoisimamia, kwa sehemu kubwa, ni ligi ya waajiri na vyuo. Ulinzi Warriors ni wa jeshi, KPA ni ya bandari, Equity ni ya benki, Strathmore na USIU ni vyuo vikuu. Sisemi hivyo kwa kubeza. Hao ndio walioubeba mchezo huu miaka ambayo hakuna mwingine aliyeutaka, na wachezaji wengi wamepata ajira na elimu kupitia kwao. Lakini timu ya mwajiri ina mashabiki wa ofisini, na timu ya chuo ina mashabiki wa muhula. Mama anayeuza mboga Makongeni hana sababu ya kuishangilia benki. Mpe timu yenye jina la mji wake, na hata kama hajui pointi tatu hufungwa kutoka wapi, Jumatatu asubuhi atauliza matokeo.

Sasa hesabu, maana najua mtauliza hesabu. Katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120. Eldoret ilikuwa na 475,716 na Kisumu 397,957. Someni tena takwimu hizo. Mji ambao Wakenya wengi huuchukulia kama kituo cha kushukia njiani ulikuwa na watu wengi kuliko miji hiyo miwili ambayo leo yote ni majiji, Eldoret ikiwa imepewa hati yake Agosti 2024. Thika peke yake ilikuwa na 251,407. Sheria ya miji, ilivyorekebishwa 2019, inataka watu 250,000 kabla mji haujafikiriwa kuwa jiji, kwa hiyo Thika iliruka kizingiti hicho kwa watu 1,407, karibu wanafunzi wa shule moja kubwa ya upili. Jumlisheni Thika na Ruiru mpate 741,527. Nakuru yenyewe ilikuwa na 570,674. Ni Nairobi na Mombasa pekee zinazotupita, na bado sijaigusa Juja iliyo katikati yetu, yenye chuo kikuu cha JKUAT.

Kisumu ina Lakeside na Eldoret ina Eldonets, na sitaki hata moja ipokonywe kitu. Wakati huo huo, ushahidi wa upande wetu mnao ndani ya ligi yenu wenyewe. Zetech, chuo kilicho Ruiru, kina wanaume wake, Titans, na wanawake wake, Sparks. Msichana wa Kiandutu anayewaona Sparks wakicheza anajua kwamba mchezo huu unachezwa na watu wanaotumia barabara anayoitumia yeye. Lakini ili naye acheze huko, lazima kwanza apate alama za kuingia chuo kikuu na karo ya kukaa huko. Nje ya mlango huo hana mwingine.

Mtaniambia watu wa Ruiru wanalala tu huku, maisha yao yako Nairobi. Kweli, siku za kazi. Alfajiri foleni za matatu za njia za 145 na 237 hujieleza zenyewe. Lakini mechi za ligi huchezwa wikendi, na wikendi watu hao hao wako nyumbani wakifua, wakimsubiri kinyozi na kutafuta pa kuwapeleka watoto. Wanachopata ni nyama choma ya Kamakis na televisheni. Sina ugomvi na nyama choma. Nasema tu kwamba kati ya Githurai na Chania kuna watu wengi sana wenye Jumamosi tupu, na ni nadra kuona mtu akiwauzia tikiti ya mechi.

Mtaniambia pia tuko karibu mno na Nairobi, kilomita zisizofika 50, na tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe 2012 umbali huo umezidi kufupika. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutupa timu. Mechi ya Nairobi City Thunder dhidi ya Thika na Ruiru haihitaji basi la usiku wala posho ya hoteli. Mashabiki wa pande zote mbili watafika kwa matatu, na warudi wakirushiana maneno hadi Roysambu. Nets walipohamia Brooklyn mwaka 2012 waliwakuta Knicks katika jiji lilo hilo, na hakuna aliyekufa njaa.

Kwa kandanda tumewahi kuonja. Thika United ilicheza ligi kuu kwa miaka kadhaa kabla ya kushuka. Thika Queens wametwaa ubingwa wa ligi ya wanawake. Bidco United, timu ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, ilipanda ligi kuu msimu wa 2020/21. Ninachojifunza hapo ni kwamba mji huu una vipaji na una viwanda, lakini timu inayotegemea mfuko mmoja hulala pale mfuko huo unapopungua. Thika kuna Del Monte, Bidco na Capwell. Ruiru kuna Brookside na Devki, na sasa Tatu City. Mwekezaji atakayekuja aambiwe mapema azunguke kwa wote hao, kila mmoja achangie kiasi chake, na pasiwe na mmoja wa kuandika jina lake mbele ya jina la mji.

Kabla ya mwekezaji huyo kufika, nataka niwatembeze kidogo Kiandutu, kwa sababu timu ya mji isiyojua vijana wake wanatoka wapi itakuwa timu ya wageni wanaolala hotelini.

Kijana wa huku hujifunza kutupa mpira kikapuni kabla hajajua kuudunda. Pete ni ya nondo, imepindwa na kuchomelewa na fundi wa jua kali, haina wavu, na imefungwa kwenye ubao uliopigiliwa kwenye nguzo. Kipimo cha mita 3.05 hakuna aliyekifuata; nguzo ilipoishia ndipo pete ilipokaa. Chini ni changarawe. Mpira ukigonga jiwe unakwenda utakako, mara nyingi kwenye mtaro wa maji machafu, na anayeufuata ni yule aliyeugusa mwisho, hiyo ndiyo sheria. Kwa hiyo vijana wamejitungia mchezo wa pasi: mpira haushushwi chini ila pasipokuwa na budi. Ni mchezo mzuri kuutazama, wa haraka na wa macho mengi. Kocha yeyote akiwaona atawapenda dakika tano za kwanza. Kisha awapeleke kwenye sakafu laini, na aone mkono wa kushoto ambao haujawahi kudunda mpira ukarudi pale ulipotarajiwa. Wengine huaibika siku hiyo hiyo na hawarudi tena. Kocha ataandika kwamba hawana msingi, ilhali walichokosa ni saruji.

Uwanja rasmi wa vikapu una mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 unameza viwanja kumi na saba vya namna hiyo. Mchezo wa watatu kwa watatu, ambao umekuwa wa Olimpiki tangu michezo ya Tokyo, unataka eneo lisilofika hata nusu ya uwanja huo, mita 15 kwa 11, na kikapu kimoja. Mji ambao kila kipande cha ardhi ya umma kina mtu anayekikodolea macho hauwezi kutupa uwanja mwingine wa kandanda kesho. Wa vikapu unaweza. Mawe ya Ndarugo, yanayojenga nusu ya Nairobi, yanachimbwa hapa hapa jirani.

Hili namwambia Gavana moja kwa moja, kwa sababu ni kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka shughuli za michezo na viwanja vyake mikononi mwa kaunti. Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735 katika sensa ile ya 2019, ya pili nchini baada ya Nairobi. Kaunti ya ukubwa huo haina udhuru wa kuwasubiri wafadhili wa kigeni waje kumwaga zege la mita za mraba 420.

Kuhusu ukumbi wa ndani, sitawadanganya: hatuna wa kuandalia ligi ya kulipwa. Najua Kigali walianza na ukumbi. Ule wa watu 10,000 ulifunguliwa 2019, na BAL ilipoanza 2021 ilianzia humo. Sisi hatuombi jumba kama lile. Lakini tazameni ramani. Kituo cha michezo cha Kasarani, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kiko kwenye barabara yetu. Mtu wa Githurai anafika pale kabla ya mtu wa Lang'ata, na mtu wa Ruiru halazimiki kuingia katikati ya jiji kwanza. Timu inaweza kuanzia hapo kwa misimu miwili huku kaunti ikijenga ukumbi wa kawaida wenye viti elfu mbili hivi. Sharti liandikwe katika mkataba: baada ya misimu hiyo miwili mechi za nyumbani zichezwe ndani ya Kiambu, la sivyo leseni irudi kwenu. Bila sharti hilo tutakuwa tumewapa Nairobi timu ya pili na sisi tukabaki na jezi.

Kama bado mna shaka, kuna njia ya kujua bila kumwaga fedha. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, timu ya huko, Hornets, ilihamishiwa Oklahoma City kwa misimu miwili. Ulikuwa mji ambao hakuna aliyeufikiria kwa vikapu vya kulipwa. Watu wakajaa. Mwaka 2008 Seattle ilipopoteza timu iliyokuwa nayo kwa miaka 41, timu hiyo ilipelekwa Oklahoma City, ambako tayari ilijulikana kwamba viti havitabaki vitupu. Namna Seattle walivyotendewa sikuipenda, na bado siipendi. Lakini mwaka 2025 mji ule mdogo ulitwaa ubingwa wa NBA, na timu yenyewe, kwa bahati tu, nayo inaitwa Thunder.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu hawajapata nafasi ya kucheza kwao. Anayejaliwa hupanda matatu kwenda kufanya majaribio Nairobi, na nauli ya wiki moja ya mazoezi inatosha kuamua kwamba kipaji chake kiishie hapo. Wanaobaki mtaani ni wengi kuliko wanaoondoka, na sijasikia kocha wa ligi kuu aliyekuja kuwatafuta.

Ombi langu, basi, ni dogo kuliko kichwa cha barua hii. Kabla ya kumpa mtu yeyote leseni, tangazeni hadharani mtatumia vigezo gani kuchagua mji: idadi ya watu, viwanja vya mitaani, usafiri, wafadhili, au chochote mtakachoona. Tusijue baadaye kwamba mji ulichaguliwa kwenye meza ya chakula. Pili, katika msimu ujao leteni wikendi mbili za mechi za ligi kuu, wanaume na wanawake, Ruiru au Thika, popote patakapopatikana sakafu inayokubalika. Tozeni kiingilio ambacho mtu wa kibarua anaweza kulipa. Wekeni watu wenu mlangoni wahesabu tikiti, si sisi.

Tukishindwa kujaza viti, timu ipelekeni kwingine na mimi sitaandika tena. Tupeni tarehe tu.

Wenu katika mchezo,

Mkazi wa Kiandutu,
Thika.