Wanafunzi wa Bunia waandike draiva

Safu ya kila wiki: Mtazamo kutoka Bigo
Na Innocent Dhego

Mashini nyingi zinazonunuliwa na wanafunzi wa Bunia ni za okazyo. Zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Uarabuni, zikafika Kampala, zikavuka mpaka kwa Mahagi au Aru, na leo ziko juu ya meza za mafundi, hapa Bigo na kwingine mjini. ThinkPad za Lenovo hupendwa sana kwa sababu hazivunjiki ovyo. Nyingi kati yake zina kidirisha kidogo cheusi pembeni mwa kibodi, cha kusoma alama ya kidole. Ofisini kule, mwenyewe aliweka kidole, mashini ikafunguka. Fundi wetu anaweka Ubuntu, aina ya Linux, kwa kuwa Windows halali inalipiwa na ile ya kuiba huja na virusi vyake, na tangu siku hiyo kidirisha hakiitiki. Mnunuzi anaambiwa, "Hicho kimekufa, wewe tumia neno la siri."

Hakijakufa. Kinapata umeme, na mfumo ukikiuliza jina, kinajibu. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayojua amri za kifaa hicho: ikiambie lini kianze kusoma, ipokee kinachotumwa, iutafsirie mfumo wote. Kampuni iliyokiunda iliandika draiva ya Windows, na kwa Linux ikanyamaza. Lakini draiva ni maandishi ya binadamu, na binadamu mwingine anaweza kuyaandika. Nataka binadamu huyo awe mwanafunzi wa informatiki wa Bunia, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa TFC yake, yaani kazi ya kumalizia masomo.

Tuzungumze juu ya TFC zetu. Soma orodha ya mada za informatiki ya usimamizi katika chuo chochote cha nchi hii: programu ya kusimamia dawa za hospitali, programu ya kusimamia karo za shule, programu ya kusimamia maktaba. Mwaka unaofuata hospitali inabadilishwa jina, mengine yanabaki. Mwanafunzi anatetea mbele ya jury, familia inapiga makofi, programu inabaki kwenye flashi na hospitali inaendelea na daftari lake. Siwadharau vijana. Wanafanya wanachoombwa. Tatizo ni kwamba tunawaomba kidogo, kisha tunashangaa wakitoka chuoni wakijua kuchora jedwali za data na wasijue kinachopita kwenye waya wa USB.

Mwaka 2007, Daniel Drake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alianza mradi wa fprint kama sehemu ya masomo yake. Wakati ule visoma vidole kwenye Linux vilikuwa vurugu: kila kifaa na programu yake, hakuna zinazoelewana. Yeye alitaka maktaba moja ya programu, libfprint, ambayo draiva zote zingekaa ndani yake. Leo hii ndiyo maktaba ambayo Ubuntu, Fedora na Debian hutumia unapoandikisha kidole chako. Kazi ya mwanafunzi imedumu kwa sababu ilijibu shida halisi, na kwa sababu aliiacha wazi ili wengine waiendeleze. Mnamo 2019 na 2020 hata Synaptics na Goodix, watengenezaji wakubwa wa visoma hivi, walileta draiva huru za baadhi ya vifaa vyao kwenye maktaba hiyohiyo.

Baadhi tu. ThinkPad T480, ambayo ni ya 2018 na sasa imejaa kwenye soko la okazyo, ina kifaa cha Synaptics ambacho hakimo ndani ya libfprint. Fungua terminali, andika lsusb, utaona namba yake: 06cb:009a. Nusu ya kwanza inamtaja mtengenezaji, ya pili inataja kifaa. Kazi yote ya draiva huanzia kwenye namba hiyo.

Baada ya hapo mwanafunzi anaweka Windows ndani ya mashini ya kuigiza juu ya Linux, anaikabidhi kisoma vidole, na anarekodi kwa programu ya Wireshark kila kinachopita kati ya viwili hivyo. Anaweka kidole, anatazama. Anaondoa kidole, anatazama tena. Anaandika baiti zipi zimebadilika na zipi zimebaki. Ni kazi ya uvumilivu zaidi ya kipaji, na haihitaji intaneti ya kasi wala maabara ya gharama. Umeme ukikatika, rekodi iko palepale. Tena libfprint haikai ndani ya kiini cha Linux. Draiva yake ni programu ya kawaida iliyoandikwa kwa C, ikikosea inaanguka peke yake bila kuzima mashini nzima. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni nafuu kubwa.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni kazi rahisi. Vifaa vya kundi la hiyo T480 husimba mazungumzo yao, kwa hiyo rekodi ya Wireshark huonyesha takataka hadi ujue ufunguo unatokana na nini. Pia vinadai kupakiwa programu yao ya ndani, ambayo imo kwenye kifurushi cha Windows cha Lenovo. Hata hivyo watu wasioajiriwa na kampuni walivunja ukuta huo. Mradi wa python-validity, ulioandikwa kwa Python, huchukua programu hiyo ya ndani kutoka kwenye kifurushi cha Lenovo na kukifanya kidirisha cha T480 kisome kidole kwenye Linux. Maandishi yake yako wazi. Yanaweza kusomwa darasani mstari kwa mstari, na hapo profesa atafundisha usimbaji, itifaki na kumbukumbu kwa mfano mmoja wenye uhai.

Sehemu inayonigusa zaidi inakuja baada ya picha ya kidole kupatikana. Vifaa vingine hulinganisha vidole ndani ya chipu yake. Vingine hutuma picha, na libfprint inafanya ulinganishaji kwa programu zilizotoka NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Programu ya kwanza hutafuta mahali mistari ya kidole inapokatika au kugawanyika. Ya pili hulinganisha pointi hizo na zile zilizohifadhiwa, kisha hutoa alama. Kwa kawaida libfprint inadai alama 40 ili ikubali, na mwandishi wa draiva anaweza kuweka kiwango kingine kwa kifaa chake. Sasa mfikirie mchimba dhahabu wa Mongbwalu au mama anayelima Djugu, ambaye mistari ya vidole vyake imelika kwa jembe na mawe. Mashini inamkataa, naye anaona aibu mbele ya watu. Kushusha kiwango ovyo kunamfungulia mlango mwizi, kukipandisha kunamfungia mkulima. Uamuzi huo unafanywa na mtu fulani, mahali fulani. Kwa nini asiwepo hata mmoja anayevijua vidole vya mkoa wetu wa Ituri?

Serikali yetu imejenga mengi juu ya vidole hivyo. Karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho ambacho Wakongomani wengi wanacho, na kuipata unaacha alama zako. Mwaka 2005 vifaa vya kuandikisha vilitoka Zetes ya Ubelgiji. Mwaka 2016 CENI, tume ya uchaguzi, ilikwenda kwa kampuni ya Gemalto. Kwa uandikishaji ulioanza Desemba 2022 na kufika kwetu Ituri mwanzoni mwa 2023, vilitoka Miru Systems ya Korea Kusini. Kununua nje si dhambi. Lakini nchi inayonunua kifaa bila kuwa na watu wa kukifungua na kukikagua inanunua pia maneno ya muuzaji, na haina namna ya kuyapima.

Kuna watakaosema kampuni zinaficha namna visoma vidole vyao vinavyofanya kazi kwa ajili ya usalama. Mwaka 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, kwa ombi la Microsoft yenyewe, walijaribu visoma vidole vya kompyuta tatu: Dell Inspiron 15, ThinkPad T14 na Surface Pro X. Walivipita vyote vitatu. Kwenye ThinkPad, ufunguo wa mazungumzo ulitokana na jina la modeli na namba ya mashini, vitu vinavyosomeka kwenye kibandiko chake. Kwenye Surface, kisoma vidole kilizungumza bila usimbaji wowote. Siri haikumlinda mwenye mashini. Ilimzuia tu kujua kwamba hakulindwa.

Kwa kijana atakayeanza nina onyo moja, na nalisema kwa uzito. Rekodi ya USB inaweza kuwa na picha ya kidole chako. Neno la siri hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Usimpe mtu rekodi hiyo wala usiipandishe mtandaoni. Walezi wa libfprint wenyewe, wanapoomba rekodi za kujaribia draiva, hushauri kutumia ubavu wa kidole au mkono, chochote ambacho kifaa kitakisoma lakini hakimtambulishi mtu. Na usimrekodi mwenzako bila ridhaa yake.

Wakuu wa sekta za informatiki hapa Bunia, ninawaomba jambo dogo: mwaka wa masomo ujao ikubalini mada hii, kwa mwanafunzi mmoja au kwa kundi la watatu. Msiwape sifuri kifaa kikigoma. Waliosoma itifaki wakaiandika vizuri wamefanya kazi ya kisayansi, hata kama kidole hakikufungua mashini. Mafundi wa Bigo, mnazo kompyuta zilizovunjika vioo ambazo visoma vidole vyake ni vizima, muwaazime wanafunzi. Na wewe msomaji mwenye ThinkPad ya okazyo, andika lsusb leo, nakili namba ya kisoma vidole chako, na umpelekee mwanafunzi wa informatiki aliye karibu nawe.