Si embe lililomponza mtoto
Mtoto anakonda, anabugia maji kutwa, usiku anakojoa mara kibao. Huku Ndera, kando ya Mto Tana, utasikia mama akisutwa: ulimzidishia maembe. Ama karogwa. Jameni, hapana! Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na utamu wala mkono wa mtu. Kinga ya mwili wake mwenyewe inageuka na kuua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa nini inageuka? Urithi unachangia, huenda virusi pia. Wanasayansi bado wanatafuta. Lakini insulini inaokoa watoto tangu 1922. Basi vijana, tuache kumsuta mama, tudai kila zahanati ipime sukari. Ni tone moja la damu. Swali la chanzo litangoja, mtoto hangoji.