Sheria na Maadili ya Afya: Kwa Nini Visa Halisi Hufundisha Zaidi ya Vifungu

Mwezi Novemba 2007, wagonjwa wawili waliolazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, walifanyiwa upasuaji usiokuwa wao. Mwenye tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyestahili kupasuliwa kichwa akapasuliwa goti. Wote wawili waliitwa kwa jina moja la kwanza. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa mmoja alifunguliwa fuvu badala ya mwingine.

Hakuna mtaalamu wa afya asiyejua kwamba mgonjwa hapasuliwi bila ridhaa yake. Ujuzi huo pekee haukutosha kuwalinda wagonjwa hao. Ndiyo maana ufundishaji wa sheria na maadili kwa wanafunzi wa afya unahitaji kuvuka kukariri vifungu na kujikita katika visa halisi.

Nchini Tanzania, taaluma hizi zinasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 pamoja na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Mwanafunzi anaweza kuzikariri na kufaulu mtihani, lakini bado akanyamaza pale daktari bingwa anapomwita mgonjwa asiye sahihi.

Kisa kama cha mwaka 2007 kinapoletwa darasani, wanafunzi hugawana nafasi: muuguzi wa wodi, mtaalamu wa usingizi, daktari mpasuaji. Kisha hufuatilia safari ya mgonjwa kutoka kitandani hadi chumba cha upasuaji, wakibainisha kila hatua ambayo swali moja lingezuia madhara. Hapo ndipo wanapoelewa kwa nini Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji iliyotolewa mwaka 2008, linataka mgonjwa athibitishe jina lake, sehemu ya mwili itakayopasuliwa na ridhaa yake, na wahudumu wajitambulishe kwa majina kabla ya kupasua. Anayejulikana kwa jina huthubutu zaidi kusema.

Visa vingine ni vya kila siku. Mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo anapiga picha ya kidonda kisicho cha kawaida na kuituma katika kundi la WhatsApp la darasa lake. Nia yake ni kujifunza, lakini kitanda na jalada la mgonjwa vinaonekana. Kisa hicho kinagusa kwa pamoja haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 16 ya Katiba, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kiapo cha taaluma.

Njia hii ina masharti yake. Utambulisho wa wagonjwa hauna budi kuondolewa, mwalimu wa tiba ashirikiane na mwanasheria, na mwanafunzi apimwe kwa hoja anazozitoa.

Kwa mwananchi, faida yake ni ya moja kwa moja. Mhudumu anapomuuliza mgonjwa jina lake kamili kwa mara ya tatu, hasumbui, anamlinda. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza anafanyiwa nini, na kwa nini, kabla ya kutia saini.