Mazungumzo ya Jamaa: Zimefika Ngapi?



Katika jamaa nyingi za kwetu Kivu yuko mmoja aliye mbali. Huyu yu Brussels, yule yu Paris, mwingine yu Montréal; na kila mwisho wa mwezi wazee hukaa karibu na simu wakingoja habari. Fedha zile ndizo malipo ya shule ya watoto, ndizo dawa za nyanya, ndizo mabati ya nyumba. Juu ya jasho la kuzipata twasema mara nyingi. Juu ya njia ya kuzipitisha twasema kidogo sana, na huko ndiko zinakovuja.

Nitawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe. Mdogo wangu yuko Liège, katika Ubelgiji, anafanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Tangu aanze kazi hiyo alikuwa akimtumia mama, aliye Bukavu, yuro 200 kila mwezi, na siku zote alizipeleka katika duka moja la mtaa wake, kwa sababu mlangoni paliandikwa ya kwamba kutuma fedha Afrika ni bure. Mwezi wa Aprili 2023 nilimsindikiza mama kwenda kuzichukua. Akahesabiwa dola 208. Siku zile, katika soko la fedha la dunia, yuro moja ilikuwa sawa na dola 1 na senti 10 hivi. Mimi ni mwalimu, siwezi kuona hesabu nikaipita: 200 mara 1.10 ni 220. Dola 12 zilikuwa wapi?

Jioni nikampigia mdogo wangu simu. Akakasirika kidogo.

— Yaya, wale hawanitozi hata senti moja! Risiti ninazo zote.

— Basi twaa ya mwezi huu, nikamwambia, uisome polepole. Yuro moja waliigeuza kuwa dola ngapi?

Akanyamaza kitambo, kisha akasoma: dola 1 na senti 4.

Sisemi ya kwamba duka lile lilimwibia. Bei ya kugeuza iliandikwa katika risiti, kwa herufi ndogo. Na neno «bure» liliandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa. Yeye alikuwa amesoma lile la mlangoni tu. Yafaa tufahamu basi kwamba apitishaye fedha ana mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni malipo ya kutuma, nao waonekana. Mfuko wa pili ni tofauti kati ya bei ya soko na bei anayokupa wewe akigeuza yuro kuwa dola. Huo wa pili waweza kuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na watu hawautazami.

Nikamwomba mdogo wangu azunguke mtaani kama mtu anayenunua ng'ombe, asiridhike na zizi la kwanza. Akakuta duka la pili lililotoza yuro 4 waziwazi, lakini likageuza yuro kwa dola 1.09. Toa 4 katika 200, zabaki 196. Zidisha kwa 1.09, wapata dola 213 na senti 64. Kumbe lile lenye malipo lilimpa mama dola 5 na senti 64 zaidi ya lile la bure! Kwa miezi 12 ni dola 67 na senti 68. Nilipomweleza mama, hakuuliza habari ya bei za soko la dunia. Alisema tu: «Hayo ni makaa ya miezi miwili.»

Tangu siku hiyo mdogo wangu aingiapo katika duka, au afunguapo programu ya kutuma fedha katika simu yake, haulizi tena: Mnatoza ngapi? Huuliza: Nikiwapa yuro 200 hizi, mama atapewa dola ngapi mkononi? Swali hilo moja lapima mifuko yote miwili kwa mara moja, na mtu asiyejua hesabu aweza kuliuliza vilevile.

Wengine wataniambia: Kwa nini asitumie banki, iliyo na nyumba kubwa na walinzi? Kwa fedha nyingi, kama za kununua nyumba, banki yaweza kufaa. Kwa yuro 200 mara nyingi haifai. Banki ya kule huenda haina uhusiano na banki ya kwetu. Fedha hupitia banki ya tatu, nayo hukata haki yake njiani, hata mtumaji hajui mapema ni kiasi gani kitakachofika. Banki ya Dunia, ambayo huchunguza bei hizi mara kwa mara na kuziandika katika intaneti ili kila mtu azisome, imeona kwamba banki ni njia iliyo ghali kuliko nyingine. Imeona pia kwamba hakuna sehemu ya dunia inayotozwa sana kama Afrika ya kusini ya Sahara: tangu mwaka 2020 mpaka 2024 wastani ulizidi dola 7 kwa kila dola 100. Mataifa yalipatana mwaka 2015 kwamba kufikia mwaka 2030 gharama hiyo ishuke chini ya 3 kwa 100. Mwenye kutuma leo asingoje.

Kampuni zenye madirisha ni za zamani. Western Union ilianza kupitisha fedha kwa telegrafu mwaka 1871. Zile zifanyazo kazi katika intaneti peke yake ni changa, na mara nyingi bei yake ni nafuu, hasa mtumaji akilipa kutoka hesabu yake ya banki, si kwa kadi ya mkopo. Lakini zipime zote kwa swali lile lile, na siku ile ile unayotuma, maana bei ya kugeuza haikai mahali pamoja. Na kumpa msafiri bahasha? Haina malipo, ni kweli. Wala haina risiti.

Sasa nisikilizeni vema, kwa sababu yako mambo tuliyojifunza kwa uchungu. Mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na mwezi wa Februari wakaingia Bukavu. Banki zikafunga milango. Dirisha alilolizoea mama lilikuwa ndani ya banki. Fedha za mwezi ule zikakaa pasipo mtu wa kuzichukua. Ikambidi mdogo wangu azirudishe kwake kwanza, kisha azitume upya katika simu ya dada yetu. Wakala wa mtaa naye alikuwa hana noti za kutosha, akampa dada fedha zile kwa mafungu matatu, na kila mara akakata malipo yake ya kutolea. Hesabu yangu nzuri ya 1.04 na 1.09 haikutusaidia kitu siku zile.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, mpigie simu yule atakayepokea. Je, dirisha li wazi? Wakala anazo noti? Hutoa dola, au hutoa franka kwa bei aipendayo yeye? Katika Kongo hesabu ya M-Pesa huweza kuwa ya dola au ya franka. Chagueni pamoja, msije mkageuza mara mbili. Dola zikitoka, mpokeaji azikague moja moja papo hapo dirishani, maana sokoni kwetu noti iliyopasuka kidogo tu pembeni hukataliwa na kila mchuuzi. Tena majina yaandikwe kama yalivyo katika kadi ya mchaguzi, jina, jina la ukoo na jina la ubatizo, kwa utaratibu ule ule. Mama yetu alirudishwa siku moja kwa sababu ya herufi moja, akatembea kutoka Kadutu mpaka mjini mara mbili katika jua. Na namba ya siri ya kuchukulia fedha apewe yeye peke yake, kwa sauti mnayoitambua. Ujumbe wa maandishi wenye kuomba fedha kwa haraka waweza kutoka kwa mwizi aliyeteka simu ya ndugu yenu.

Msomaji wa Uvira aliyeniandikia juu ya mwanawe wa Ufaransa anayetaka kutuma fedha za kiwanja, nimepata barua yake. Hiyo ni fedha nyingi, na ina hati za kutazamwa kwanza. Nitamjibu juma lijalo; mpaka hapo mwanawe asitume.